Maji ya Lori

Nyumbani kwa Leodgar, mtaa wa nyuma ya soko la mpunga pale Igunga, lori ndilo lililoamshwa kwanza, watoto baadaye. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Masolwa, utingo wake kwa miaka tisa sasa, alikuwa amekwisha kufika na kipande chake cha nondo. Alilizunguka lori akigonga tairi moja baada ya jingine, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya pili. Tairi lililojaa upepo lilijibu kwa sauti kavu. Lililopungua liliguna tu, na Masolwa naye akaguna, akaenda kutafuta pampu.

Leodgar kwa upande wake alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiangalia kwa mwanga wa simu. Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Alifungua kizibo kilicho chini ya tangi la upepo wa breki ili maji yaliyojikusanya humo yatoke, maana unyevu ukikaa mle siku nyingi, breki zinaweza kukataa mteremkoni. Akimaliza yote hayo aliita mara moja tu, bila kupaza sauti, na binti yake Advera wa darasa la sita akatokea na dumu la njano la lita kumi.

Dumu hilo lilikuwa na heshima yake. Bomba la maji ya ziwa lilikuwa limefika barabara kuu, lakini mtaani kwao mabomba yalikuwa bado yamelala mtaroni yakisubiri mafundi. Waliokuwa na visima uani, kama wao, walichota maji ya chumvi. Ukichemshia chai, utando unakaa juu. Ukifulia, sabuni inagoma kutoa povu. Na birika likishayazoea maji hayo, linaota ukoko mweupe ndani, mgumu kama saruji. Kwa hiyo Leodgar alikinga mvua ya masika kutoka kwenye bati, akaijaza kwenye tangi kubwa jeusi, akalifunga bomba lake kwa kufuli. Hayo yalikuwa maji ya lori. Hata mama, Bernadeta, ambaye nyumba yake haikuwahi kukosa mgeni wala umbea wa kumsimulia huyo mgeni, hakuyagusa bila ruhusa. Leodgar alipenda kusema kwamba babu zake walibeba mizigo mabegani kutoka Tabora mpaka pwani, na walijua kila kisima cha njiani, kipi kitamu na kipi kichungu. Itakuwaje basi yeye mwenye lori asijue linakunywa nini?

Ufunguo wa kufuli alipewa Advera. Kazi yake ilikuwa kujaza dumu tu. Masolwa alilipokea, akasema, "Asante, mwanangu," akaongeza maji kwenye rejeta ya lori, na yaliyobaki yakasafiri nao. Rejeta yenyewe ilikuwa ya kizamani na ilidondosha matone kidogo ubavuni. Leodgar alikuwa akisema ataipeleka ikazibwe tangu mwezi wa tano.

Mambo yalianzia kwenye shati. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Advera alichota ndoo moja ya maji ya tangi akafulia shati lake la shule, jaribio tu. Povu lilimfika viwikoni. Jumatatu yake mwalimu wa zamu alimsimamisha mbele ya mstari, akasema hili ndilo shati jeupe, hayo mengine ni ya rangi ya uji. Wasichana wa darasa la sita walimzunguka wakitaka kujua siri, na Advera, aliyependa kuzungukwa kama mama yake, hakuweza kufunga mdomo.

Jumamosi iliyofuata walikuja watatu na mabeseni yao. Iliyofuata wakawa saba. Ua ulijaa vicheko na habari: nani kafumwa anasinzia kanisani, mwalimu gani kavaa viatu viwili tofauti. Walimpa Advera jina la Bi Povu, naye akalivaa kwa furaha. Recheli, binti wa Masolwa, aliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Leodgar siku hizo alikuwa njiani na lori, na mama Jumamosi alikuwa sokoni mpaka jioni.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane Advera aligonga tangi kwa ngumi. Liliitika kwa sauti tupu mpaka kati. Akashtuka. Mvua ilikuwa mbali bado, na baba akigundua, Jumamosi zake zingekwisha, na Bi Povu angerudi kuwa Advera wa kawaida asiyetafutwa na mtu. Alifikiri siku nzima, na jibu alilolipata lilionekana jepesi sana. Maji ya kisimani na maji ya tangi yakiwa ndani ya dumu hayana tofauti. Lori halina ulimi.

Asubuhi iliyofuata alijaza dumu kisimani. Masolwa alipolipokea na kusema, "Asante, mwanangu," moyo wa Advera ulidunda hadi masikioni. Siku ya pili ulidunda kidogo. Siku ya tatu haukudunda kabisa, na tangu hapo akawa anachota kisimani huku akipiga miayo.

Ilipita Agosti, ikapita Septemba. Katikati ya Oktoba lori liliondoka na magunia ya mchele kwenda Singida. Lilipokuwa linaupanda mlima Sekenke, mshale wa joto ulipanda kuliko lori lenyewe, mvuke ukaanza kutoka mbele, injini ikatetemeka na kuzimika katikati ya mwinuko. Lori likaanza kurudi nyuma. Leodgar alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na Masolwa akaruka chini na gogo, akalisukumia nyuma ya tairi huku kokoto zikimtoka miguuni. Gogo lilishika. Walikaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima bila kugusa kifuniko cha rejeta, kwa kuwa wote wawili walimjua dereva aliyekifungua kikiwa cha moto, na walijua uso wake ulivyo sasa. Kesho yake, Jumatano, walirudishwa Igunga wakivutwa kwa mnyororo.

Mchana huo Advera alitumwa na mama apeleke chakula gereji. Alimkuta fundi Najiat ameishaifungua rejeta. Najiat alikuwa mwanamke mfupi, kanga kiunoni juu ya ovaroli, ulimi wake hauna breki. Aliingiza bisibisi, akakwangua, akamwaga kiganjani magamba meupe.

"Bosi, gasketi imeungua, na kilichoiunguza ni hiki," alimwambia Leodgar. "Njia zote za maji zimezibwa. Hili gari limenyweshwa maji ya chumvi. Tena si juzi, ni miezi."

Leodgar alisema haiwezekani. Lori lake halinywi chochote ila maji ya mvua. Najiat akamwambia basi akachukue birika la kwake linalochemshiwa maji ya kisima, waje walinganishe ukoko. Advera aliweka sufuria la chakula juu ya tairi bovu na kuondoka bila kuaga. Njiani alijaribu kujiambia kwamba huenda fundi amekosea. Lakini ukoko ule aliujua. Aliusugua kila wiki kwenye birika la mama.

Leodgar alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kugonga tangi. Akagonga tena chini zaidi, na huko pia sauti ikawa tupu. Maji ya lori yalipita kwenye mikono ya watu wawili tu. Mmoja alikuwa mtoto wake, na wala hakumfikiria. Alimwuliza Masolwa, Masolwa akasema yeye humimina anachopewa. Lakini stendi walikuwa wamekwisha kupata habari kabla yake. Mtu mmoja aliwahi kumwona Masolwa na dumu karibu na vibanda vya chai. Kufika saa kumi dumu moja lilikuwa limekuwa kumi, na kufika saa kumi na moja Masolwa alikuwa na biashara kamili ya kuuza maji matamu kwa mama ntilie, tena na wateja wa kudumu. Ukweli ni kwamba siku ile alikuwa amebeba maji ya kuoshea kioo. Nani angeukubali ukweli mdogo namna hiyo wakati uongo mtamu upo?

Leodgar alimkuta pale stendi, mbele ya madereva na wauza chai.

"Miaka tisa nakula nawe sahani moja, Masolwa, kumbe maji yangu unayauza," alisema. "Usilisogelee tena lori langu."

Masolwa hakubishana. Aliiweka nondo yake juu ya benchi, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu, akaondoka kwa miguu.

Habari hiyo Advera aliisikia jikoni, mama akiwasimulia wageni. Kijiko kilimponyoka. Alitaka kusema papo hapo, mdomo ukafunguka, lakini wageni walikuwa wanne na wote wakamgeukia, naye akasema chai inachemka. Usiku alijiapiza atasema asubuhi. Asubuhi baba alikuwa na uso wa mtu asiyetaka kusemeshwa, na Advera akaifanya hiyo kuwa sababu.

Shuleni ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Alhamisi wavulana walimwuliza Recheli baba yake anauza dumu bei gani, na kama ana punguzo kwa wanafunzi. Darasa likacheka. Recheli alitazama ubao bila kupepesa. Advera, bega lake likigusana na la rafiki yake, aliinama chini ya dawati akajifanya anatafuta penseli, akakaa huko mpaka kicheko kikaisha. Alipoinuka masikio yalikuwa yanamwaka. Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo, na penseli ikapotea tena.

Jumamosi wasichana walipokuja na mabeseni aliwaambia mlangoni kwamba maji yamekwisha. Waliondoka wakinung'unika. Mchana Recheli alikuja peke yake, hana beseni. Alikataa kukaa.

"Nimekuja kukuomba kitu," alisema. "Baba hajui kama nimekuja. Wewe ndiye unayejaza dumu kila siku. Wewe ndiye unayejua kwamba baba yangu hana ufunguo, anapokea kwako tu. Mwambie baba yako. Wewe atakuamini."

Advera alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa, angejua la kufanya. Kuaminiwa hivi kulimshinda. Alitazama vidole vyake vya miguu, akatazama kamba ya nguo, na mwisho maneno yakamtoka kwa sauti ndogo kiasi kwamba Recheli alimwambia arudie. Akarudia. Alikuwa akijaza dumu kisimani tangu mwezi wa nane. Maji ya tangi ndiyo waliyofulia mashati.

Recheli naye aliitazama kamba ya nguo.

"Na mimi nilifulia," alisema hatimaye. "Nilifulia shati langu, nikalichafua jina la baba yangu." Akageuka na kuondoka, na Advera hakuthubutu kumwita.

Hakungoja tena wageni waondoke wala uso wa baba ulainike. Alitembea mpaka gereji, jua likimpiga utosini. Leodgar alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, madereva wawili wakimpigia soga, na Najiat ameingiza mikono kwenye injini hadi mabegani. Advera aliwaamkia wote, shikamooni, wakaitikia marahaba, na kabla woga haujamrudi akasema.

"Baba, baba yake Recheli hakuuza maji. Ni mimi. Dumu nilikuwa nalijaza kisimani, na ya tangi tulikuwa tunafulia."

Soga ilikatika. Leodgar alimtazama mwanawe kama anayemtafuta mtu aliyesimama nyuma yake. Aliuliza tangu lini. Aliuliza kama mama alijua. Advera akajibu yote bila kupunguza, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Mmoja wa madereva alijikohoza na kwenda kutazama kitu barabarani.

Leodgar alipoinuka, Advera alidhani atachapwa. Lakini Najiat alichomoa mikono yake kwenye injini, akaifuta.

"Subiri, bosi, na wewe una sehemu yako," alisema. "Rejeta nzima haiombi maji kila asubuhi. Mwezi wa tano nilikwambia lete niizibe tundu lile, ukasema wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika mpaka leo. Ingezibwa, huyu mtoto asingepata pa kuitia chumvi yote hii."

Leodgar alirudi kukaa juu ya tairi. Alitazama viatu vyake, na Advera akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: baba yake ameona haya. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, "Twende kwa Masolwa."

Masolwa walimkuta akitengeneza banda la kuku. Mkewe alitoa viti, akawakaribisha kana kwamba hakuna kilichotokea, na ukarimu huo ukamwumiza Advera kuliko maneno. Alipiga magoti, akaeleza tena, mara ya tatu siku hiyo. Haikuwa rahisi zaidi. Recheli alisimama mlangoni, amekunja mikono. Leodgar naye aliomba radhi, akasema kazi ipo, nondo ipo, arudi Jumatatu.

Masolwa alisikiliza mpaka mwisho, akaweka nyundo chini.

"Nimewasikia," alisema. "Lakini bosi, hukuniita mwizi hapa kwangu. Uliniita kule stendi. Hapa kila mtu alikuwa anajua mimi si mwizi."

Jumamosi jioni stendi ya Igunga inajaa: mabasi, wauza karanga, wasafiri, na wale wasiosafiri ila wamekuja kusikia habari. Leodgar alikwenda mpaka kwenye benchi lile lile, akawaomba watu wamsikilize. Alisema alimsingizia Masolwa, kwamba hakuuza tone la maji, na kwamba alishika maneno ya vijiweni bila kuuliza nyumbani kwake. Watu walianza kuuliza ni nani basi, na Leodgar hakujibu. Alimtazama Advera. Hakumsukuma wala kumwita.

Advera alisogea mbele. Aliona wauza chai, aliona wavulana wawili wa darasa lake wameshika miwa. Alisema mpaka vibandani wakasikia: "Ni mimi nilibadilisha maji. Baba yake Recheli alikuwa anamimina ninachompa."

Mama mmoja wa kibanda cha chai alicheka, akasema kumbe chumvi ilikuwa jikoni kwa mwenyewe. Wengine wakacheka. Advera alisimama pale mpaka wakamaliza kucheka, kwa sababu safari hii hapakuwa na dawati la kuinamia.

Masolwa alimwita pembeni, baba yake akiwa karibu. Hakuwa na hasira, na hakuwa na tabasamu pia.

"Advera, najua hukutia maji yale kwa ubaya," alisema. "Uliona lori haliteti. Lakini kazi ya kulitunza gari iko hivyo. Usipopima oili leo, litawaka tu. Usipogonga tairi, litaondoka tu. Hakuna anayekuona, na gari halikushtaki asubuhi ile. Likija kusema, tayari liko mlimani na lina watu ndani. Tulikuwa mimi na baba yako. Gogo lingeteleza, leo mngekuwa mnatulilia. Kwa hiyo kazi isiyoonekana uifanye sawasawa kuliko ile inayoonekana. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ungesema siku ya kwanza, tungeisafisha rejeta asubuhi moja tu. Umenyamaza, na siku tatu hizi mwanangu kawa anaitwa binti wa mwizi."

Advera alisema, "Nimekukosea, baba," akimtazama Masolwa usoni.

Leodgar alisema atamnyang'anya ufunguo. Masolwa akatikisa kichwa. Alisema wamwachie, maana akiondolewa kazini atakuwa amejifunza kupumzika tu.

Tundu la rejeta lilizibwa siku ya kwanza iliyowezekana, si wiki ijayo, lakini kuisafisha kulichukua muda. Jumamosi mbili Advera alikaa gereji na brashi ya waya, akikwangua magamba meupe, miezi yake miwili na zaidi ikianguka kidogo kidogo kwenye karai. Jumamosi ya pili Recheli alikuja na brashi ya pili. Hakusema amesamehe. Alikaa upande wa pili wa karai akaanza kukwangua, na baada ya saa nzima akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Lori lilirudi barabarani kabla ya mvua kuanza. Sasa dumu lilikuwa la akiba tu, lakini Leodgar bado alilitaka, na bado aliita alfajiri bila kupaza sauti. Siku moja Advera alipitiwa na usingizi. Alitoka mbio, injini ikiwa imeshawashwa, mikono yake mitupu. Kisima kilikuwa hatua tano. Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba.

"Baba," alisema, "sijajaza."

Leodgar alizima injini. Masolwa akashuka, akakaa juu ya ngazi ya lori, na wote wawili wakamsubiri.